Naomba Kuongea na Mama

Kazi yangu ni kupokea simu, na sisemi hivyo kwa unyonge. Nimekaa kwenye swichibodi ya ofisi ya maji miaka ishirini na miwili, kiti kilekile, na namba za ndani mia moja na arobaini ninazo zote kichwani. Sioni. Sikuwahi kuona, kwa hiyo huruma yako mpe mwingine. Mtu akipiga simu mara ya pili namtambua. Akipiga mara ya tatu najua kama amelala vizuri. Mkurugenzi akigombana na mkewe, mimi ndiye wa kwanza kujua, na siku hiyo simu za malalamiko simpelekei mpaka anywe chai.

Nilijivuna sana kwa jambo hilo. "Hakuna sauti inayonipita," nilikuwa nikisema, nyumbani na kazini, kwa waliotaka kusikia na kwa wengi zaidi ambao hawakutaka.

Mwanangu nilimpachika jina la Chiriku, kwa sababu alianza kuongea kabla meno hayajatimia na tangu hapo hakupumzika. Alikuwa akinisimulia dunia nzima tukitembea. "Mama, kuna mtu amevaa kofia mbili." "Mama, yule paka wa fundi viatu ana mimba tena." Baba yake aliondoka kwenda kutafuta maisha mtoto akiwa na miaka miwili, na inaelekea bado anayatafuta. Tukabaki wawili, na wala hatukujihisi wachache.

Uvimbe niliugundua mimi, kwa vidole, nikimfunga kifungo cha kola ya sare ya shule. Alikuwa na miaka kumi. Kitu kama jiwe dogo, chini ya koo, kikipanda na kushuka akimeza. Madaktari wakasema kitolewe kabla hakijabana njia ya hewa. Wakasema saa mbili. Zikawa tatu na nusu, nami nimekaa kwenye benchi pamoja na mdogo wangu, nikihesabu milango inayofunguliwa na kufungwa.

Jioni muuguzi akanishika mkono akanipeleka kitandani. "Ameamka, mama. Anakutazama."

"Chiriku?" nikaita.

Kimya. Nikadhani muuguzi amenipeleka kitanda kisicho chake, nikaanza kurudi nyuma. Ndipo vidole vikanishika gauni. Nikamgusa uso, nikakuta mashavu yamelowa. Alikuwa akilia, kilio kizima, na hakikuwa na sauti hata chembe.

Daktari alikuja asubuhi. Alikuwa mtu mwema, hilo nalisema kwa haki. "Mama, uvimbe tumeutoa wote na haukuwa na ubaya. Ila ulikuwa umejishikiza kwenye mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, na mshipa huo umejeruhiwa. Upande mmoja wa koo umelala."

"Utaamka lini?"

"Miezi sita. Labda mwaka. Labda usiamke. Na sauti itakayokuja huenda isiwe ile mliyoizoea." Kisha akasema mtoto asijilazimishe, na hata kunong'ona asinong'one, kunachosha koo. "Kwa sasa aandike tu," akasema, akatoa daftari kwenye mkoba wake, akampa.

Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Daktari akacheka kidogo, akajibu, "Si leo, binti. Kesho kutwa." Muuguzi naye akacheka. Mdogo wangu akacheka.

"Kasema nini?" nikauliza.

"Ameulizia aiskrimu," mdogo wangu akasema.

Ndivyo ilivyoanza. Kila mtu mwenye macho na madarasa mawili ya shule aliweza kuongea na mwanangu, isipokuwa mimi. Hakuna aliyelifikiria hilo pale chumbani, wala mimi sikusema. Ningesema nini? Walikuwa wamemwokoa.

Nyumbani tukatafuta njia. Gonga moja ni ndiyo, mbili ni hapana, tatu ni njoo. Nikajaribu kumfundisha nukta nundu, maandishi yangu ya kusomwa kwa vidole, kwa kibao na sindano yake ya kutobolea. Sentensi yake ya kwanza ilimchukua karibu nusu saa. Nilipoipapasa nikakuta imeandikwa "Nina njaa", na wakati huo alikuwa ameshakula, tena amerudia. Tulijitahidi. Lakini mtoto aliyezoea kumwaga maneno kama bomba lililopasuka huwezi kumwambia atobolee karatasi tundu moja moja. Alichoka, akarudia daftari lake.

Mdogo wangu anakaa nyumba ya pili. Alikuwa akija kila alasiri, na wao wawili wakikaa kwenye kochi, kalamu inakwaruza, mdogo wangu anavunjika mbavu.

"Nini?" nauliza.

"Ah, hakuna, dada. Mambo ya watoto."

Hilo "hakuna" nililichukia kuliko neno lolote. Nilimchukia hata mdogo wangu, ambaye alikuwa akinipikia na kunifulia. Nyumba ilikuwa na watu watatu na mazungumzo yaliendelea, ila mimi nilikuwa nje ya mlango, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Na maji nayo. Kwa vile upande mmoja wa koo ulikuwa umelala, maji yalimpalia. Ilibidi tuyatie unga maalumu wa kuyafanya mazito, naye anywe akiinamisha kidevu, funda moja moja. Mtoto mwingine akipaliwa, atakohoa mtaa mzima usikie. Wangu hakuwa na cha kukoholea. Alasiri moja nilikuwa naosha vyombo, yeye akajichotea maji ya bomba, mepesi, kwa sababu alikuwa amechoshwa na yale mazito. Nilichosikia ni kikombe kuanguka. Baada ya hapo, kimya. Nilipapasa sakafu yote kwa magoti nikifuata kikombe kilikobingirikia, roho mkononi, mpaka nikampata amejikunja chini ya meza. Nikampigapiga mgongo hadi akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya kukwaruza, mbaya, nami niliishukuru.

Kesho yake nikamfunga kengele ndogo kwenye kifundo cha mkono, ile ya kuning'iniza ufunguo. Akaandika kitu, akampa mama yake mdogo, naye akasoma kwa sauti: "Mimi si mbuzi." Tukacheka wote watatu. Sikuivua.

Sasa niseme lile nililoficha. Nilikuwa naomboleza. Mwanangu alikuwa hai, anakula, anakua, ananipita mabegani, nami nilikuwa naomboleza kama mtu aliyefiwa. Wenye macho wakiamka asubuhi huwaona watoto wao usoni. Mimi uso wa mwanangu ulikuwa ile sauti, sina mwingine. Nilipekua simu yangu nzima nikitafuta mahali nilipoirekodi. Hakuna hata sekunde moja. Nani angerekodi kitu kinachokupigia kelele kutwa? Kazini nilikuwa nikipokea sauti mia mbili kwa siku, za wadeni, za walalamikaji, za mafundi, na kwa kila moja nilijiuliza kwa nini hii ipo na ile haipo. Sikumwambia mtu yeyote. Mama hawezi kusema neno hilo na mtoto amelala chumba cha pili.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji hospitali ikampa mtoto mwalimu wa sauti, mwanamke mwenye subira, mara mbili kwa wiki. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa sababu mimi nilikuwa kazini. Nilipouliza maendeleo nikaambiwa, "Taratibu, dada, taratibu." Mbele yangu mtoto hakutoa hata mlio. Nikimwomba, "Jaribu tu, mwanangu, hata 'a'," anagonga mara mbili. Hapana. Nikaamini haipo.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Bomba kuu lilikuwa limepasuka, nusu ya mji haina maji, na simu zinaingia sita kwa mpigo. Tena wiki ile palikuwa na mlevi mmoja aliyekuwa akitupigia asubuhi asubuhi kutuuliza kama maji yetu yanachanganyika vizuri na pombe. Mzee tarishi alikuwa amesimama karibu yangu akisubiri barua.

"Ofisi ya maji, habari za asubuhi."

Mtu akahema. Kisha sauti ikaja, nzito, imejaa upepo, ya kukwaruza, kama kiti kinachoburutwa. "Naomba... kuongea na mama."

"Mama yupi? Hapa tuna akina mama thelathini na wawili."

"Mama... yangu."

Ndiye, nikajiambia, mlevi wetu. Nikamkonyeza mzee tarishi, maana kukonyeza najua, nilifundishwa na mwanangu. "Mzee wangu," nikasema kwa ile sauti yangu ya asali, "kwa umri huo bado unamtafuta mama? Ukimpata, mwambie akupe maji ya kunywa, maana hicho unachokunywa kimekuharibu koo."

Nikakata. Mzee tarishi akacheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka. Na nikaendelea na kazi, simu baada ya simu, nikiwa na furaha ndogo ya mtu aliyesema jambo la kuchekesha.

Mdogo wangu alinipigia baada ya dakika ishirini, kwenye simu yangu ya mkononi. Hakunisalimia.

"Dada, umemwambia nini mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Amefanya mazoezi wiki tano. Wiki tano, dada! Hakutaka ujue. Mwalimu alimwambia achague mtu wa kwanza wa kumpigia simu, akasema anataka kukupigia wewe, na akupigie kazini, huko unakosema hakuna sauti inayokupita. Amesema maneno machache, kisha ameniwekea simu mkononi na amekwenda kukaa sakafuni. Umemwambia nini?"

Simu za ofisi ziliendelea kulia, sita kwa mpigo, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili niliziacha zilie.

Mkuu wa ofisi aliniruhusu kuondoka. Nilifika nyumbani, nikafungua mlango, nikasimama katikati ya sebule. Nikapapasa meza, nikaikuta ile kengele imewekwa pale. Kwa hiyo angeweza kuwa popote.

"Najua umo humu," nikasema, na sikujua. "Sikia, mwanangu. Sikukutambua. Sina uongo mwingine wa kukupa. Palikuwa na mlevi, palikuwa na simu nyingi, lakini hayo ni maneno tu. Ungekuwa mbele yangu nisingekutambua vilevile. Nilikuwa nasubiri yule wa zamani apige, ndiyo maana wewe ulipopiga sikuwa na nafasi yako. Nisamehe." Nikasema mengi zaidi, nikalia, nikajifuta, nikalia tena. Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye kochi, mahali nilipohisi kama kuna joto la mtu.

"Dada." Mdogo wangu alikuwa mlangoni. "Yuko kwangu. Amelala."

Nilikuwa nimewaomba msamaha viti na meza.

Alikaa kwa mama yake mdogo siku tatu. Sitaki kusimulia zile siku. Niligundua kwamba friji letu lina milio minne, na kwamba jirani wa juu anaongea peke yake. Siku ya nne mtoto akarudi, akaweka mkoba wake, akanipa mkono wa salamu kama mgeni. Nikamwomba msamaha tena, safari hii nikiwa nimemshika mabega ili niwe na hakika. Akasikiliza mpaka mwisho. Akagonga meza mara moja. Ndiyo. Lakini hakusema neno, wala siku iliyofuata, wala iliyofuata. Nilikuwa nimesamehewa na nilikuwa nimefungiwa.

Kazini sikumtania mtu tena. Kila simu niliipokea taratibu, nikisubiri kwanza. Wenzangu wakadhani naumwa.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja simu ikaita, nikapokea, na mtu akahema upande wa pili. Kisha ikaja sauti nzito, ya kukwaruza, imejaa upepo.

"Halo... samahani..."

Sikumngoja amalize. "Mwanangu!" nikasema. "Ni mimi, ni mama, usikate. Nakusikia. Nimekutambua. Sema lolote unalotaka, nipo."

"Mama yangu alifariki siku nyingi," mtu yule akasema polepole. Alikuwa mzee wa kweli, miaka sabini na zaidi. "Lakini asante. Asante sana." Akakohoa. "Nilikuwa naulizia bili ya maji."

Nikamuunganisha na idara ya bili. Nilikosea namba mara mbili, mimi. Mzee tarishi hakucheka safari hii, akaniletea glasi ya maji na kuondoka zake.

Jioni nilimkuta mtoto mezani akifanya kazi za shule. Nikakaa mbele yake bila kuvua viatu, nikamsimulia kila kitu, tangu kule kuhema kwa yule mzee mpaka bili. Sikupunguza kitu. Nilipofika pale pa "Mama yangu alifariki siku nyingi," nikasikia kalamu inawekwa chini. Kisha hewa ikaanza kutoka kwa vipande, fu, fu, fu, na meza ikatikisika. Nikaogopa kwamba amepaliwa, nikasimama.

Alikuwa anacheka.

"Mzee," akasema. Sauti yake. Ile ile ya simu, hapa hapa, mbele ya pua yangu. "Alikuwa... na sauti... kama yangu?"

Nikakaa. Ningeweza kumwambia hapana. "Kwa mbali, ndiyo," nikasema. "Lakini yake inatoka chini, kifuani, na imekauka. Yako iko juu zaidi, na ina unyevu. Na wewe unavuta pumzi kabla ya neno la mwisho, kama mtu anayetaka kuruka mtaro."

"Sema tena," akasema. "Alivyosema... kuhusu bili."

Nikamwigiza yule mzee. Akacheka tena kwa zile pumzi zake. Nikaigiza mara ya tatu, nikiwa nimeinama juu ya meza ili nisipoteze kitu, maana nilikuwa najifunza mtu mpya na nilichelewa kuanza. Kisha kicheko kikaisha, na friji likalia mlio wake mmoja.

"Mama."

"Naam."

"Ile ya zamani..." Akavuta pumzi. "Unaipenda... zaidi?"

Miezi mitano nilikuwa nimelificha jibu hilo, nikilala nalo na kwenda nalo kazini. Na sasa anayeliuliza ndiye yule niliyemficha. Ningedanganya, angejua. Hata yeye ana masikio, aliyatoa kwangu.

"Ndiyo," nikasema. "Naipenda zaidi. Naikumbuka kila siku."

Nikangoja kiti kisukumwe, nyayo ziende chumbani, mlango ufungwe. Kiti kikasukumwa kweli. Nyayo zikazunguka meza zikaja upande wangu, na kichwa chake kikatua begani pangu, kizito, nywele zikinuka chaki.

"Mimi pia," akasema.

Tukakaa hivyo mpaka mdogo wangu alipoleta chakula, akatukuta tumekumbatiana tunalia, akauliza, "Kuna nini?"

"Hakuna," nikamjibu.